Sishushi Usukani

Baiskeli yangu ya kushindana na saa niliinunua ikiwa imetumika, na nahodha wa kikundi chetu cha Bukoto ndiye aliyeipanga: kiti juu, usukani chini kabisa, mgongo sawa kama meza. Nililala juu yake kama mjusi ukutani. Saa ya kwanza ilikuwa raha. Saa ya pili shingo iliwaka, vidole vikafa ganzi, na mara tatu mfululizo niligeuza kabla ya kufika Lugazi. Safari ya kikundi ya kwenda Jinja ilikuwa imebakiza wiki mbili. Nahodha alisema maumivu ndiyo ada ya mwendo, asiyeweza kuilipa abaki nyumbani. Mimi nilitaka kufika Jinja. Mwaka ule sikutaka kingine.

Nikaipeleka Kisenyi, kwa mzee mmoja Mnubi anayetengeneza baiskeli za wabeba matooke, zile ndizi za kupika. Aliizunguka, akauliza inabeba nini. Nikamjibu haibebi kitu.

"Basi mzigo ni wewe, dada. Na wamekufunga vibaya. Uzito wako wote umeangukia mbele."

Kwake yeye mzigo hupangwa kwanza, baiskeli ikafuata. Alinipandisha nikiegemea ukuta, akaniambia nifumbe macho, nilegee kama gunia. Mikono yangu ilipojiangukia yenyewe, akapima hapo kwa shubiri. Kisha akakata vipande vya bomba, akainua navyo viegemeo vya viwiko vilivyo juu ya usukani kwa upana wa vidole vinne, akavivuta karibu nami, akainamisha pua ya kiti kidogo tu.

Jumapili ya safari wenzangu walicheka wakashika mbavu. Mmoja akauliza mikungu nitaifunga wapi, nyuma au kichwani. Nahodha hakucheka; aliniita nyabo, yaani bibi.

"Nyabo, shusha usukani huo au usiende nasi. Unatutia aibu."

"Sishushi. Kama aibu ni yenu, tangulieni nayo."

Wakatangulia. Nikaendesha peke yangu, Mukono ikapita, Lugazi ikapita, na shingo yangu bado ilikuwa shingo. Ndani ya msitu wa Mabira niliwakuta kando ya barabara. Nahodha alikuwa anakung'uta mikono kama aliyeshika siafu. Aliniita nisimame, tupumzike pamoja, tuingie Jinja kama kikundi.

Sikuinua hata kiwiko. Nilimwambia nitawasubiri darajani, pale pa kuingilia Jinja, nikaendelea kukanyaga, nimekaa wima kiasi cha kuona miti pande zote mbili.