Nilivyotangaza Nywele Ambazo Bibi Yangu Hana

Nisikilize kidogo, weye unayesoma hii, na tafadhali usianze kucheka mapema. Kosa ni langu. Usimtafute shetani hapa, wala yule aliyenilipa. Ni minye mwenyewe, na akili zangu zote, niliyeandika mbele ya ulimwengu mzima kwamba bibi yangu, mama wa watoto wangu, ana nywele ndefu mpaka mgongoni.

Hana. Jamani, hana!

Mama Riziki ana nywele fupi za kawaida, na anazipenda vile. Anauza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, sokoni, anaamka mapema, hana nafasi ya kubembeleza kichwa mbele ya kioo. Uvira yote inajua. Ni wasomaji wangu tu ambao hawakujua.

Ngoja nikueleze vizuri.

Niko mtu wa Kilibula, hapa hapa Uvira. Kazi ya mikono yangu ni kuchapa barua za watu na kufotokopi katika kaduka kamoja kule Kimanga. Kazi ya moyo wangu ni blogu. Niliianza kwa ajili ya ndugu zetu waliosambaa nchi za mbali, wako kwenye baridi huko na wanakumbuka nyumbani. Niliwaandikia harufu ya ndagala zikianikwa kwenye mchanga. Niliwaandikia maji ya ziwa yalivyopanda mpaka ndani ya nyumba, mtu anavua viatu ili aingie sebuleni kwake. Niliwaandikia mzee wa parokia yetu anayepiga kengele akiwa amechelewa kila Jumapili, na padri hasemi kitu.

Watu walisoma wakalia. Mtu mzima ananitumia sauti kwenye WhatsApp, analia kabisa, anasema: "Kaka, leo umenirudisha kwetu."

Ndipo kichwa kikavimba.

Jirani yetu mmoja, Papa Bahati, fundi wa cherehani, alinifuata kazini. Mtu mpole, mashati yake yameshonwa vizuri na hayafumuki. Akaniambia: "Kijana wangu, niwekee publisite, tangazo la kazi yangu, chini ya hadithi zako. Nitakuwa nakulipa kila mwezi. Ndugu zetu wa kule wanawatumia wazazi pesa za nguo, wajue tu niko hapa."

Nilimtazama kama mtu aliyeomba kuanika suruali kwenye altare ya kanisa!

"Papa Bahati," nikamwambia, "blogu yangu haiko soko. Moyo hauuzwi."

Masikini. Akasema sawa, akarudi kwenye cherehani yake na mita yake shingoni. Na minye nikajiona mtu mkubwa sana siku ile. Nikaandika hata makala juu ya usafi wa kalamu. Lo! Usafi wa kalamu!

Sasa niulize: mega za intaneti za kupandisha makala hiyo zilitoka wapi? Zilitoka kwenye ndagala za Mama Riziki. Kila nilipoishiwa, nilikuwa nasogea karibu na beseni lake kwa adabu kama mtoto wa kwaya. Alikuwa ananipa, lakini hakuninyima na maneno.

"Papa Riziki, huyu moyo wako anakula mega kuliko watoto wanavyokula ugali."

"Ni mwito, mama."

"Nimesikia. Lakini huyo aliyekuita hakukuachia unite za simu?"

Basi telefone yangu ikaanguka, kioo kikapasuka kote. Nikamwendea tena. Safari hii alikataa wazi. "Moyo ijilipie," akasema, akaendelea kupima ndagala za mteja.

Niliumia! Nilikaa na hasira kama mtoto. Na katika hasira ile ndipo akanipata mfanyabiashara mmoja, sitamtaja, anayeuza mafuta ya kuotesha nywele. Alisema wasomaji wangu wananiamini, na hicho ndicho anachotaka kulipia. Alitaka kitu kimoja tu: niandike kama mtu aliyeyatumia.

Hapo palikuwa na shida ndogo. Minye sina nywele. Kichwa changu kinang'aa, ukipita jua la saa sita unaweza kujitazamia hapo. Nani angeniamini?

Nikamkumbuka bibi yangu.

Nilikuwa na picha yake kwenye harusi ya mdogo wake, imepigwa kwa nyuma, amesukwa zile nywele za kununua tunazoita meshi, zimemwagika mpaka mgongoni. Nikaichukua picha ile. Nikaandika kwa ule ufundi wangu wote wa kuliza watu. Nikaeleza jinsi Mama Riziki alivyokuwa analia nywele zikikatika, jinsi alivyopaka mafuta yale kwa imani, jinsi asubuhi moja aliniita kwa furaha nimshikie kioo. Mungu wangu, hata minye mwenyewe nikisoma nilisikia machozi karibu! Sikumwonyesha. Yeye hasomi blogu, anasema sentensi zangu hazifiki mwisho.

Makala ile ilisomwa kuliko zote. Nikalipwa. Nikanunua telefone mpya, nikamletea na kitenge kizuri cha bluu.

"Blogu imelipa!" nikamwambia.

Alifurahi, masikini. Alikivaa sokoni akizunguka bila sababu, anawaambia wenzake: "Bwana yangu anaandika, na bantu ba mbali banalipa." Hilo ndilo linaniuma zaidi mpaka leo. Alinisifu.

Halafu siku moja nikiwa kazini, simu ikalia. Sauti ya Mama Riziki ilikuwa tulivu, na weye uliyeoa unajua utulivu ule.

"Papa Riziki, kuja nyumbani. Kuko mugeni wa nywele."

Nilifika nimelowa jasho. Kwenye kiti chetu kizuri amekaa mama mmoja ametoka Luvungi kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Bibi yangu alikuwa anafua mgeni alipoingia, kichwa wazi, nywele zake fupi. Baadaye waliniambia walivyosalimiana.

"Naomba uniitie Mama Riziki."

"Ni minye."

Yule mama akamtazama kichwa. Akatazama nyuma yake, kama mtu anayedhani nywele zimebaki mlangoni.

"Hapana, mama. Ninamutafuta Mama Riziki wa nywele."

Ee Mungu! Nikiwaza uso wa bibi yangu dakika ile, hata leo natamani kuingia chini ya kitanda.

Alikuwa amempa mgeni maji na kiti, na amesikia yote. Mgeni alikuwa na binti anayeolewa juma lile. Binti alipaka mafuta yale, kichwa kikamwasha, akajikuna, na nywele za mbele zikaanza kubaki kwenye kitana. Alikuwa amejifungia chumbani, hataki hata shangazi zake wamwone. Mama akaona heri aje kwa yule aliyepona, amuulize alifanyaje.

"Mueleze mama," bibi yangu akaniambia. Hakupandisha sauti. "Weye njo mwenye hadithi, si minye."

Nikaanza kuzungukazunguka. Nikataja mwanga wa picha. Nikataja mtindo wa fasihi! Bibi yangu akaninyamazisha kwa jicho. Basi nikasema: ni uongo, mama. Zile ni meshi. Hakuna mtu hapa aliyepaka yale mafuta.

Yule mama hakunitukana. Ningependa anitukane! Alinitazama tu akasema: "Kijana wangu aliye ng'ambo ndiye aliyetuma pesa ya kununua. Nilimuuliza, una hakika? Akaniambia, mama, huyu mutu anatuandikiaka siku zote, hadanganyi."

Nilitazama chini.

Mama Riziki alifunga soko lake kesho yake. Alinunua meshi, akapanda pikipiki na minye nyuma yake, nimebeba mfuko kama mboyi wa kazi za nyumbani. Kule Luvungi aliingia chumbani kwa binti, wakafunga mlango. Mwanzo nilisikia kilio. Baadaye nikasikia bibi yangu anasimulia kitu kwa sauti ya chini, na kicheko kikapasuka humo ndani, cha wote wawili. Sikuuliza wanamcheka nani. Binti alitoka amesukwa kwa namna ya kufunika paji lote la uso, mzuri, na akaolewa. Minye nilikaa nje na baba yake, ambaye alinipa ndizi na hakunisemesha.

Nilifuta makala. Telefone mpya nikaiuza, nikamrudishia mwenye mafuta pesa zake, naye akaniita msaliti. Nikaandika ukweli wote kwenye blogu, na Mama Riziki akadai picha yake iwekwe, ya mbele, kichwa wazi. "Banione," alisema. "Minye sina haya na kichwa changu. Nina haya na weye." Wasomaji wengine walikwenda na hawajarudi. Waliobaki wananicheka. Kule Kimanga naitwa Bwana Mafuta, hata watoto wa shule wananisalimia vile, na ninaitika, nitafanyaje?

Usiku mmoja nilimwambia nimeacha kuandika, pesa imeniharibia moyo. Aliweka kijiko chini.

"Nani alikukataza pesa? Papa Bahati alikuletea pesa safi, ukaikataa kwa kiburi. Njaa ikakushika, ukaipokea ile chafu. Sasa unataka kulaumu pesa? Nenda umuombe musamaha."

Nilikwenda. Alinikaribisha, akanipima shati kwanza, halafu akaniuliza bei yangu kama hakuna kilichotokea. Siku hizi publisite yake iko chini ya hadithi, na juu yake nimeandika wazi: nimelipwa kwa hii. Na nguo zake ninazivaa. Anayetaka kutangaza kitu kwangu anakileta nyumbani kwanza, tunakitumia, na Mama Riziki ndiye anasema ndiyo au hapana. Amekataa wengi. Mega ninajinunulia mwenyewe.

Ndugu yangu, dada yangu, kama unaandika kwa moyo, usione haya kulipwa. Panga bei yako mapema, tumbo likiwa limeshiba, maana ukingoja shida ndiyo ikupangie utauza mpaka vichwa vya watu! Na kitu usichokijua, usikisifu, hata wakikupa nini. Kule mbali kuna mtu atamtumia mama yake pesa kwa sababu ya neno lako.

Nimemsomea Mama Riziki ungamo hili kabla ya kulituma, neno kwa neno. Amesikiliza mpaka mwisho, na kwake hilo si jambo dogo. Amesema ni kweli, ila nimeficha moja: watu wasije wakadhani amekwisha kunisamehe. Amesema niandike hivi: amenisamehe nusu, hiyo ingine anaifikiria.

Nimeandika.