Mawe Kumi na Mawili ya Tonton Asani

Enzi zetu, mwaka wa shule haukuishia siku ya kusomewa matokeo. Uliishia kesho yake, juu ya mlima. Ninyi mliokulia Mangobo pamoja nami, katika ule mtaa wetu wa nyuma ya soko, mnalijua hilo, na huenda miguu yenu inaukumbuka mlima ule kuliko vichwa vyenu. Aliyefaulu alipanda. Aliyerudia darasa alibaki nyumbani akichora mchangani kwa kidole cha mguu, na siku hiyo hata nzango, ule mchezo wetu wa kuruka na kupiga makofi, haukuwa na ladha kwake.

Nawaandikia kwa sababu Tonton Asani amekufa, na kuna jambo mlilomsema miaka yote hii ambalo si kweli. Mimi najua si kweli. Nililijua tangu siku ile ile.

Ingawa wote tulimwita Tonton, yaani mjomba, Asani hakuwa ndugu wa damu wa mtu yeyote mtaani. Alitoka Maniema kufuata kazi ya reli, treni zikasimama, naye akabaki kwetu akitengeneza baiskeli chini ya kipande cha bati. Mikono yake ilinuka grisi na gundi ya viraka. Kila mwaka, bila kuombwa, ndiye aliyetuongoza mlimani, panga kiunoni na kofia yake ya reli kichwani. Mama alikuwa akisema, "Kama muko na Asani, mimi ninaweza kulala." Na kweli alilala. Wazazi wa siku hizi wanampigia mtoto simu mara nne kabla hajafika sokoni.

Wageni waliotoka Bukavu walitucheka. "Hii ndiyo munaita mulima? Kwetu hii ni kiti ya kukalia!" Wacheke tu. Kwa miguu ya mtoto ulikuwa mlima, tena mkali. Tulitoka alfajiri na kwanga zetu, mikate ya muhogo, kwenye majani, na kipande cha makayabu, samaki mkavu ambaye chumvi yake ilikutafuna midomo hadi jioni. Tulivuka daraja la Tshopo, maji yakinguruma kule kwenye maporomoko, tukafuata barabara ya Buta mpaka jua likaanza kuuma shingo, kisha tukaingia msituni. Huko kulikuwa na harufu ya majani yaliyooza, na siafu waliojua vizuri mahali soksi ilipotoboka. Mwisho wa njia hiyo kulikuwa na kijito, na baada ya kijito ukaanza mwamba mweusi, mtupu, uliosimama karibu wima. Huo tulipanda kwa mikono na magoti. Lakini hatukushuka nao. Kwa kupanda unashikilia, kwa kushuka unateleza, na Tonton alikwisha kumwona mtu mzima akivunjika nyonga pale. Kwa hiyo tulishukia upande wa pili, mteremko mrefu wa mashamba ya mihogo, tukatokea kijiji kilichoko barabarani, tukarudi Mangobo tumeuzunguka mlima mzima. "Njia ya kupanda haiko njia ya kushuka," alitukumbusha kila mwaka. Aliyeishia njiani alichekwa mpaka mwaka uliofuata. Tulimwita Nusu.

Na mnakumbuka mawe. Kwetu mtoto hahesabiwi kwa kidole. Mama zetu wangekupiga mkono ukijaribu, kwa maana kuhesabu watoto ni kuwaonyesha kwa mabaya. Basi Tonton alihesabu mawe. Pale kijitoni kila mmoja aliokota jiwe lake, la kujaa kiganja, akapanda nalo, na kileleni aliliweka chini mbele ya Tonton. Mawe yakitimia, watoto wametimia. Yeye alitangulia na panga, na nyuma kabisa alitembea mtoto mkubwa kuliko wote, aliyeitwa mukia, kazi yake isibaki roho nyuma yake. Mtu mmoja akishindwa, mukia anapiga kelele, na wote wanarudi. Hiyo nayo ilikuwa sheria.

Mwaka ule tulikuwa kumi na wawili, na mukia nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na kiburi cha kuwatosha watu wazima watatu.

Feza alikuwa mtoto wa mdogo wake Papa. Alikuwa na miaka tisa, amekuja kutoka Kindu miezi michache kabla ili asome kwetu. Mtamkumbuka kidogo, kwa sababu alikuwa mkimya. Pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo, yeye aliiita sombe kama kwao, nasi tukamcheka, naye akaanza kula bila kuiita jina lolote. Usiku alilala mgongo wake ukigusa wangu. Shuleni alifaulu, na aliposomewa matokeo hakuruka kama sisi, aliniuliza tu mimi dada yake mkubwa, "Yaya, na mimi nitapanda?"

Pale kijitoni aliteleza. Wenzetu walikuwa wamekwisha kuanza mwamba, Tonton yuko juu anakata miti iliyoanguka. Kifundo cha mguu wake kilivimba mbele ya macho yangu. Nilipaswa kupiga kelele. Nilifungua mdomo, na Feza akaniziba kwa kiganja chake kilicholowa.

"Usiite. Wataniita Nusu," alisema. "Unibebee jiwe yangu, yaya. Mimi nitangoja hapa."

Nataka niseme kwamba nilimhurumia, na nilimhurumia kweli. Lakini nilifikiria pia kwamba nikiita, wote tutarudi, na mwaka wangu wa kuwa mukia utakuwa mwaka ambao hakuna aliyefika. Nilichukua jiwe lake. Lilikuwa na mstari mweupe katikati.

"Usitoke hapa," nilimwambia. "Tutarudi sasa hivi."

Yeye alikuwa mgeni, na yale maneno ya Tonton alikuwa ameyasikia mara moja tu, asubuhi ile, katikati ya kelele zetu. Aliamini kwamba njia tuliyopandia ndiyo tutakayorudia. Mimi nilijua sivyo. Nilijiambia kwamba nitashuka mbio peke yangu, nimchukue, tuwapate wengine mbele.

Kile kilele, jamani. Hata leo nikifumba macho nakiona. Upande mmoja msitu usio na mwisho, upande mwingine mto mkubwa umelala mweupe, minara ya kanisa kuu midogo kama vibiriti, mabati ya Mangobo yakimetameta, na moshi wa meko ya akina mama zetu. Kila mtoto alitafuta paa la kwao na kila mmoja alidanganya kwamba ameliona. Niliweka mawe mawili. Nililiweka langu, nikainama kama ninayefunga kamba ya kiatu, nikaweka lenye mstari. Tonton alihesabu polepole, kwa sauti, kama alivyofanya daima. Kumi na mbili. Akavua kofia, akacheka.

Mmoja wenu aliniuliza, "Feza iko wapi?" Nikamjibu kwamba amekwenda kukojoa. Kisha wingu lilitoka upande wa mto, jeusi chini mpaka juu, na upepo ukageuza majani yote. Tonton akapaza sauti tushuke. Nilikimbilia ukingo wa mwamba. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kuanguka pale na jiwe lote liling'aa. Niliteremsha mguu mmoja, ukateleza, nikaurudisha.

"Mukia iko wapi?" Tonton aliita kutoka upande wa pili.

"Niko hapa!"

"Wote wako?"

Hapo ndipo ningeweza. Mvua haikuwa imekuwa kubwa bado, na yule mtu angeshuka mwamba ule kwa kucha zake kama angelazimika.

"Wote wako," nilisema.

Tulishuka tukikimbia na majani ya migomba vichwani, hakuna aliyemwangalia mwenzake. Tulipofika barabarani ndipo mtu akagundua kwamba Feza hayupo. Tonton alitushika mabega mmoja mmoja akituangalia usoni. Mimi nikasema labda amebaki kijijini. Ninyi nanyi, ndugu zangu, mliapa kwamba mlimwona kileleni. Siwalaumu. Jiwe lake lilikuwa pale, na sisi tulizoea kwamba jiwe ni mtu. Basi Tonton, Papa na wanaume wa mtaa walitafuta upande wa mashamba mpaka kulipokucha, wakiita jina lake mahali ambapo hakuwahi kufika. Nami nilikuwa nyumbani, mkavu, mbele ya sahani ya lituma, ndizi zetu za kupondwa, na mdomo wangu haukufunguka. Mtaniuliza kwa nini. Niliogopa fimbo. Nina aibu kuandika jambo dogo namna hiyo, lakini ndilo.

Mama mmoja aliyekwenda kutazama mitego yake ya samaki ndiye aliyemwona, asubuhi, ng'ambo ya kijito. Maji yalikuwa yamepanda yakamfika kifuani, yakashuka. Alikuwa amekumbatia mti. Alikuwa hajasogea hatua moja kutoka mahali nilipomwacha. Yule mama alisema kwamba alipombeba, mtoto alikataa, akisema ameambiwa angoje.

Alipona baridi ya siku ile, lakini homa ilimshika kifuani na haikumwachia. Siku ya nne nilikuwa nimekaa kando ya mkeka wake, Mama yuko nje anachemsha maji. Feza akafungua macho.

"Yaya, jiwe yangu ulifikisha?"

"Nilifikisha."

"Basi mimi siko Nusu."

Jioni hiyo alikufa. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, na mimi nilifurahi kwamba hakusema. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Yaliyobaki mnayajua, kwa sababu mlishiriki. Watu wazima waliamua kwamba mtoto alifika juu, kisha akarudi peke yake kwa njia ya kupandia, na Tonton hakumwona kwa sababu ya uzembe. Wengine waliongeza kwamba alikuwa amekunywa, yeye ambaye hajawahi kugusa pombe. Papa alimzuia kukanyaga uani kwetu, hata siku ya maziko. Tonton alisimama barabarani, kofia mkononi, akimwambia kila aliyepita, "Lakini nilihesabu muzuri. Ilikuwa kumi na mbili." Baiskeli zikaacha kuletwa kwake. Nasi watoto tulipopita mbele ya bati lake tuliimba, "Kumi na mbili! Kumi na mbili!" Mimi pia niliimba. Niliimba kwa nguvu kuliko wote. Baada ya mwaka mmoja alihamia Isangi, na mlima ukaisha.

Mwezi uliopita nilikutana na binti yake ufukweni, ameleta samaki wa moshi kutoka Isangi. Hakunijua. Nilimuuliza habari za baba yake, akasema amemzika kabla ya mvua. "Mwishoni akili ilimutoka," aliniambia. "Alikuwa anapanga mawe kwenye kitanda. Tukitoa, analia. Anasema, basi mimi niliua mutoto, ama sikuua? Nani atanijibu?" Nilinunua samaki wake. Hakuna kingine nilichofanya.

Jumapili iliyofuata niliwapeleka watoto wangu na rafiki zao mlimani. Mngecheka. Moto tatu, zile pikipiki za abiria, zilitubeba mpaka pembeni kabisa mwa kijito, na kijana wangu, mwenye viatu vyeupe kama unga wa muhogo, akauliza kama hakuna moto inayofika juu. Walipanda wakisikiliza muziki, wakasimama kupumua kila baada ya hatua kumi, wakapiga picha za maua ambayo sisi tuliyakanyaga. Watu wa kijiji wamechonga ngazi kwenye ule mwamba, na sasa hakuna mtu anayezunguka. Unapanda, unapiga picha, unashuka ulipopandia. Nilikuwa nikiwadharau kwa hilo. Nilikuwa nikisema vijana wa leo hawajui kumaliza kitu.

Kileleni lile rundo la mawe lipo bado, limeota nyasi. Sikulitafuta lile lenye mstari. Binti yangu aliwapanga wenzake kwa picha, kisha akanyoosha kidole akaanza kuwahesabu, kichwa kwa kichwa. Nikaushika mkono wake kabla sijajua ninachofanya.

"Watoto hawahesabiwi hivyo," nilimwambia.

Alinitazama kwa mshangao. "Sasa Mama, nitajua namna gani kama wote tuko?"

Niliuachia mkono wake. Akahesabu mpaka mwisho, kwa kidole, na alipofika kijitoni akahesabu tena. Wote walikuwepo. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya ule mti aliokumbatia Feza.

Enzi zetu tulikuwa na miguu migumu, tulikula kwanga baridi bila kununa, tuliheshimu sheria za wakubwa, na tulimaliza mzunguko wetu. Hawa wa leo wanachoka upesi, wanalalamika jua, na wanarudi kwa njia waliyokwenda nayo. Lakini wanarudi wote. Ningetoa mizunguko yangu yote ya mlima ule ili siku ile moja nasi tungeteremka kwa njia tuliyopandia.

Nimekwisha kwenda kwa binti wa Tonton, safari hii sikununua kitu. Amenisikiliza, akafunga samaki wake, akaondoka, na ni haki yake. Sasa nawaambia ninyi mlioimba pamoja nami. Tonton Asani hakukosea hesabu. Mawe yalikuwa kumi na mawili, na mawili kati ya hayo niliyabeba mimi.