Ngano ya Kaliopi

Sevasti, mfuga mbuzi wa kisiwa cha Karpathos, hakuwahi kumwamini mtu anayetoa kitu bure. Sasa yuko Athens, mwanawe Minas anatibiwa saratani ya damu, naye amepewa chumba, shuka na chakula katika nyumba ya wazazi inayotazamana na hospitali. Bure kabisa! Kila alipolala aliegemeza kiti mlangoni.

Aliyemtia shaka zaidi ni Kaliopi, mpishi wa kujitolea. Mwanamke gani huyo, sweta jekundu, kicheko hadi barabarani, mahali penye watoto wagonjwa? Tena kila mara aliomba akakae na Minas ili mama apumzike. Anamtakia nini mtoto wa watu? Sevasti hakuwa amelala vizuri tangu Pasaka, lakini alimjibu kwa mkato: "Mwanangu ana mama, asante."

Mchana mmoja alirudi kutoka hospitali kuchukua pajama za mtoto. Aliposhuka nazo akaukuta mlango wa jikoni umefungwa. Akausukuma, ukafunguka. Kaliopi alikuwa ameinamia sinia la ngano iliyochemshwa, anachanganya zabibu kavu na punje za komamanga. Ngano ile huandaliwa kwa kuombea wafu, na hata mtoto mdogo wa kisiwani anajua.

"Unampikia nani?" alifoka. "Madaktari wamekwambia nini? Mwanangu yu hai, mchawi mkubwa wee! Leo hii namtoa hospitali, tunarudi kwetu!"

"Taratibu, dada..."

"Dada yako nani?"

Kaliopi akaweka mwiko chini. "Ni ya mwanangu Stratos. Kesho anaombewa kanisani. Alitibiwa hapo ng'ambo ya barabara, nami nikilala humu humu. Nafunga mlango ili nyie akina mama msiione."

Sevasti akamkazia macho, akiutafuta uongo. Hakuupata.

"Kwa hiyo watoto hapa wanakufa."

"Wengine. Wengi wanarudi nyumbani. Wako sijui, na anayekwambia anajua anakudanganya."

Tangu washuke melini kila mtu alimwambia asiwe na wasiwasi, wala hakumwamini hata mmoja. Akavuta kiti, akachota kijiko cha ngano.

"Haijabarikiwa bado," Kaliopi alisema.

"Mungu hatagombana nami kwa kijiko kimoja." Akala. "Amrehemu Stratos wako." Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

Kisha akamkabidhi Kaliopi zile pajama.

"Mkono wenye mpira wa dawa uvalishe kwanza, la sivyo atalia. Mwambie mama amelala kidogo."