Mdaiwa Aliyekuja na Ukoo

Juzi nilikuwa Garissa, katika Mahakama ya Madai Madogo, ile ambamo mtu hujieleza mwenyewe bila wakili. Mama muuza maziwa ya ngamia kutoka mtaa wa Galbet alikuwa amemshtaki mzee mwenye mkokoteni, kwamba punda wake alivamia kibanda akamwaga maziwa yote.

Mama alikuja peke yake. Mzee alikuja na msafara wa wazee wa ukoo wake, ndevu za hina, bakora mikononi. Karani akawazuia mlangoni.

"Mzee, mdaiwa ni mmoja. Hawa wengine ni nani?"

Mzee akageuka, akawanyooshea bakora mmoja mmoja. "Hii yote ni mimi."

Hakimu akacheka, akawaruhusu waketi, mradi asemaye awe mmoja. Kisha akamuuliza mzee kuhusu punda.

"Wallahi, ni kweli. Punda yangu ndiyo ilimwaga."

Nami nilidhani wamekuja kubisha! Hakimu alipoamuru mzee alipe, mama akadakia, akimwita ami kwa Kisomali: "Adeer, si umesema hawa wote ni wewe?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee wa pembeni kabisa akavua kofia yake, akatia noti, akampa jirani. Kofia ikazunguka benchi lote, ikamfikia mama ikiwa imetuna. Akaipokea kwa mikono miwili, akawaalika chai.

Nilirudi nyumbani nikiitazama simu yangu, yenye majina mengi kuliko msafara ule. Nikishtakiwa kesho, karani hatakuwa na swali la kuniuliza mlangoni.