Mahari ya Macho

Nilikuwa jikoni nachambua mchele siku mahari yangu ilipotajwa sebuleni. Nyumba yetu ya Kwedizinga, Handeni, ni ya miti na udongo, na ukuta ule haujawahi kuficha siri ya mtu, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio. Mshenga, fundi cherehani mmoja mzee aliyetumwa kutoka Korogwe, alikuwa ameshamaliza chai ya pili na sifa zote za familia ya mchumba wangu. Kisha akasema:

“Upande wetu tumeona hivi. Mambo ya kitanda na kabati yamepitwa na wakati. Mahari iwe macho.”

“Macho ya nani?” aliuliza baba mdogo, ambaye tangu baba afariki ndiye msemaji wetu katika mambo mazito.

“Ya binti yenu. Avuliwe miwani. Dar es Salaam siku hizi wana mashine ya leza. Dakika kumi hazifiki, anatoka anaona kama mwewe. Shangazi wa kijana atagharamia kila kitu.”

Nilisimamisha ungo. Nilisubiri baba mdogo aulize kama inauma. Nilisubiri aulize kama kuna mtu aliyewahi kupofuka. Badala yake nikasikia karatasi inafunuliwa.

“Naona ziko aina tatu hapa,” alisema. “Fedha, Dhahabu na Almasi. Ninyi mmefikiria ipi?”

“Dhahabu.”

“Mwenzangu, huyu ana digrii. Andika Almasi.”

Wakacheka, wakapeana mikono. Ndivyo macho yangu yalivyochaguliwa, kama watu wanavyochagua godoro.

Kwetu, kwa dini na kwa desturi, mahari ni ya mwanamke mwenyewe. Wazee wanaweza kuvutana juu ya mablanketi ya wajomba na kanga za bibi, lakini likifika suala la mahari mtu huinuka, humfuata binti alipo na kumuuliza unataka nini. Nimeshuhudia binamu yangu ambaye hakumaliza darasa la saba akiulizwa, akajibu cherehani, na cherehani ikaja. Mimi nilikuwa hatua sita kutoka pale sebuleni na hakuna aliyeinuka. Mama aliponiletea habari jikoni, uso wake ulikuwa umejaa furaha.

“Mwanangu, utaona,” alisema. “Utaona bila yale machupa.”

Machupa yalikuwa jina la miwani yangu tangu darasa la nne, pale mwalimu alipogundua kwamba nilikuwa nanakili kutoka daftari la jirani kwa sababu ubaoni sikuona kitu. Lenzi zilikuwa nene na fremu ni ya kiume, iliyobaki kwenye boksi la msaada. Nilipigiwa kelele za macho manne kisimani, shambani, na njiani kwenda madrasa. Jasho lilipoanza iliteleza puani, mvua ilipoanza nilikuwa kipofu. Kwenye mchezo wa rede sikuchaguliwa na timu yoyote, kwa kuwa mpira nilikuwa nauona ukiwa umeshanipiga.

Kwa hiyo niseme ukweli, maana hasira bila ukweli ni kelele tu: niliitaka ile leza. Nilikasirika kwa kutokuulizwa, na papo hapo moyoni nilikuwa tayari najiona naamka asubuhi bila kupapasa chini ya mto kutafuta fremu. Hilo lilinikasirisha zaidi. Walikuwa wamegusa kitu ninachokitaka kweli.

Wakati huo nilikuwa nafundisha sekondari Korogwe, nimepanga chumba upande wa pili wa mto. Ilikuwa miaka ile ambayo serikali ilikuwa imefungua milango na kila kitu kinauzwa: maji kwenye chupa, shule zenye sare za mistari, simu zilizofika mpaka Kwedizinga ingawa ilibidi upande kwenye kichuguu kupata mtandao. Stendi ya Korogwe, katikati ya machungwa na mabasi ya Arusha, vijana waliovaa fulana za kufanana walikuwa wanagawa vipeperushi vya kliniki ya macho. Kile kilichofunuliwa sebuleni kwetu, shangazi alikipata pale. Ndiye aliyemlea mchumba wangu, na mchumba wangu ndiye aliyesimamia duka lake la vifaa vya ujenzi.

Nilianza kuuliza, kwa sababu kazi pekee niliyofundishwa vizuri chuo kikuu ni kuuliza. Jumamosi tatu mfululizo tulikaa na mchumba wangu kwenye kibanda cha intaneti karibu na stendi, tukisubiri kurasa zifunguke mstari kwa mstari. Nilimsomea, nikamtafsiria, nikamchorea kwenye daftari.

Fedha ilikuwa njia ya kukwangua. Wanaondoa ile ngozi nyembamba ya juu ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kisha leza inachonga kioo chenyewe. Maumivu ni ya siku kadhaa na kuona vizuri kunachukua wiki nyingi, lakini kioo kinachobaki ni kinene zaidi. Dhahabu ilikuwa njia ya kukata. Kisu kinakata kifuniko kwenye kioo, kinafunuliwa kama ukurasa, leza inachonga chini yake, kisha kinarudishwa. Kesho yake unaona, lakini kifuniko kile hakishiki tena kama ulivyozaliwa nacho. Almasi ilikuwa ile ile Dhahabu, ila kifuniko kinakatwa na leza badala ya kisu. Ipo na njia ya nne ambayo kipeperushi hakikuitaja, ya kupandikiza lenzi ndani ya jicho bila kuchonga kitu, na watu walikuwa wanaifuata India.

“Kwa hiyo ya bei ndogo ndiyo inayoacha kioo kinene?” mchumba wangu aliuliza.

“Ndiyo.”

“Basi hawa wanauza uharaka.”

Nilimpenda sana kwa sentensi ile. Halafu akaongeza, “Lakini na wewe unasoma kama mtu anayetafuta kosa.”

“Natafuta kosa. Ni macho yangu.”

Kwenye kila ukurasa wa maana nilikuta onyo moja: si kila jicho linafaa. Konea ikiwa nyembamba, au umbo lake halijakaa sawa, usiguswe. Kipeperushi cha shangazi kilikuwa na picha ya mwanamke anayecheka ufukweni. Onyo hilo halikuwemo.

Nilikwenda Dar es Salaam likizo ya Juni. Kliniki ilikuwa na kiyoyozi, zulia, na kijana mwenye tai aliyeniita mteja wetu. Waliniweka kidevu kwenye mashine, jicho la kulia, jicho la kushoto, kwenye kioo cha kompyuta ikatokea ramani yenye rangi. Upande wa chini wa kila ramani palikuwa na doa jekundu.

“Hili jekundu ni nini?” nilimuuliza.

“Hayo ni mambo ya kitaalamu, dada. Tumekupangia Alhamisi.”

“Konea yangu ina unene gani?”

“Usijali. Daktari anajua.”

“Nimeuliza unene, sijauliza anayejua.”

Alitabasamu kama wanavyofundishwa. “Wewe umeshalipiwa kifurushi cha Almasi. Wengine wanalia wakipata.”

“Naomba nakala ya ramani hiyo.”

“Ripoti ni mali ya kliniki.”

“Na jicho ni mali ya nani?”

Nilisema kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho. Wagonjwa wanne waliokuwa wakisubiri kwenye sofa waliinua vichwa. Kijana aliniprintia.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwenye benchi la hospitali ya serikali, kati ya bibi wawili wenye mtoto wa jicho walioongozwa na wajukuu zao. Nilifika saa moja, nikaingia saa saba. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu. Nilimwamkia, akaitikia huku ameshaishika karatasi.

“Unafikicha macho?”

“Samahani?”

“Unafikicha? Hivi, kwa ngumi.”

“Tangu utotoni. Kwetu Handeni kuna vumbi, yanawasha.”

“Acha.” Aliielekeza karatasi dirishani. “Kioo chako ni chembamba, na hapa chini kimeanza kuchomoza mbele. Ukikatwa kifuniko, kitaendelea kuchomoza mpaka hata miwani haitakusaidia. Nani alikwambia unafaa?”

“Wamenipangia Alhamisi.”

Alibonyeza kalamu yake mezani mpaka wino ukatoka.

“Na ile ya kukwangua?” nilimuuliza. Nilijua jibu. Niliuliza kwa sababu bado nilikuwa naitaka.

“Hata hiyo. Chochote kinachopunguza kioo, wewe hapana. Uje upimwe kila mwaka, na mikono iwe mbali na macho.”

Nilikaa nje ya geti nikalia kwa hasira, kisha nikajikuta nafikicha macho, nikakaa juu ya viganja vyangu kama mtoto aliyeadhibiwa. Maisha yangu yote nilikuwa nafikicha. Mama alikuwa akikunja ncha ya kanga, anaipuliza ipate joto na kunisugua nayo hadi nipate usingizi, kwa upendo wote alionao. Hakuna zahanati wala kliniki ya zulia iliyowahi kusema acha. Neno lile halina kifurushi.

Jumapili nilikuwa Kwedizinga. Kikao kiliitishwa upya, na safari hii shangazi alikuja mwenyewe na mshenga, amevaa dera la kung’aa. Mchumba wangu alibaki dukani, waliniambia, kwa kuwa kuna mzigo wa saruji. Sikukaa jikoni. Niliingia sebuleni, nikaamkia, nikaweka ramani mezani na kueleza alichosema daktari.

Shangazi aliichukua, akanyoosha mkono wote, akakunja uso, akaisogeza mbali zaidi.

“Nikuazime miwani, shangazi?” nilimuuliza.

“Wewe mtoto!” mama alisema, lakini baba mdogo alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

“Daktari wa serikali,” shangazi alisema, “ana wivu na wa kliniki. Hao ndio wanaotuchelewesha.”

“Doa jekundu limetoka kwenye mashine ya kliniki.”

Mshenga aliona biashara inaharibika. “Jamani, hili si la kugombana. Macho yakishindikana tubadilishe. Tuseme ng’ombe wawili.”

“Siyo ng’ombe,” alisema shangazi. “Mimi sina shida ya ng’ombe. Nina shida ya wajukuu. Mtu anaoa, watoto wanazaliwa na machupa usoni, wote, kama darasa la vipofu?”

Hapo nilielewa tulichokuwa tunazungumza tangu mwanzo.

“Shangazi, leza inachonga kioo changu mimi. Haimfikii mtoto ambaye hajazaliwa. Akitoka na macho yangu, atatoka nayo hata kama mimi nimevua miwani.”

“Najua,” alisema. “Lakini angalau watu wasingejua yametoka wapi.”

Hata mshenga alitazama chini. Mama alisema jambo kwa Kizigua ambalo sitaliandika, kwa sauti ndogo, akachukua kikombe cha chai mbele ya shangazi kikiwa bado kimejaa, akakirudisha jikoni.

“Mahari haibadilishwi kwa sababu haijatajwa,” nilisema. “Mimi ndiye wa kutaja na hakuna aliyeniuliza. Basi naitaja. Miwani, jozi mbili, ya kuvaa na ya akiba. Na aje kuileta yeye mwenyewe.”

Shangazi alijifunga mtandio na kuondoka bila kuaga. Mshenga alimfuata, halafu akarudi mlangoni kwa sababu alikuwa amesahau kofia.

Mchumba wangu alikuja baada ya siku tisa, kwa bodaboda kutoka barabara kuu, vumbi jekundu limemkaa hadi kwenye kope. Nilikuwa uani naanua nguo. Dereva aliegemeza pikipiki kivulini, injini ikiendelea kuunguruma. Nilimtazama mchumba wangu mikononi. Alikuwa ameshika simu tu.

“Hukuleta,” nilisema.

“Shangazi amechukia sana.”

“Sijamtaja shangazi. Nimesema hukuleta.”

Alijipangusa kope kwa leso. Alikuwa amekonda. Nilitaka kumpa maji, na ningempa kama asingeendelea kusema.

“Nimefikiria,” alisema. “Kwa nini tusikutane katikati? Achana na Almasi, achana na Dhahabu. Ufanye ile ya kukwangua. Si ndiyo inayoacha kioo kinene? Wewe mwenyewe ulinieleza.”

“Uliambiwa alichosema daktari?”

“Niliambiwa.”

“Alisemaje?”

“Kwamba chochote kinachopunguza kioo, hapana.” Alilisema sawasawa, neno kwa neno. “Lakini daktari ni mmoja. Na ni kidogo tu, ili shangazi atulie.”

Ningemsamehe kama angekuwa hajaelewa. Nilikuwa nimejitayarisha kueleza tena, hata kwa mchoro kwenye vumbi. Lakini zile Jumamosi tatu alikuwa amesikiliza kila kitu, amekishika, na sasa alikuwa ananirudishia somo langu kama bei ya kupunguziwa.

Nilivua miwani, nikaifuta kwa kanga niliyokuwa naianua, nikaivaa. Kope zilikuwa zinawasha. Niliiweka mikono mgongoni.

Kisha nikamwambia dereva asizime pikipiki, abiria wake anarudi sasa hivi.