Letasi ya Mama Ndani ya Friji ya Anko Musyoka

Harufu ya letasi iliyooza hunipandisha hasira hadi leo. Miaka ya sabini tuliishi Makadara, mimi na mama, katika chumba kimoja chenye sakafu ya saruji. Kila Jumamosi mama alipeleka letasi, yale majani ya saladi, katika hoteli moja mjini, na mpishi wa huko hakuwa na mchezo: jani likilegea tu, hapokei. Basi mama alinunua Ijumaa alfajiri, akazipanga kwenye karai, akazifunika kwa gunia bichi lililokamuliwa, akalisukuma karai chini ya kitanda, mbali na jiko la makaa. Kazi yangu ilikuwa kulinyunyizia gunia maji. Kesho yake majani yalivunjika kwa mlio.

Kisha Anko Musyoka, mdogo wa marehemu baba, akapanda cheo cha ukarani na kununua friji, ya kwanza katika laini yetu ya nyumba. Kiburi kilimjaa hadi puani. "Shemeji, bado unaficha mboga chini ya kitanda kama chang'aa ya magendo?" alimcheka mama mbele ya majirani. "Nunua Jumatano, lete kwangu, upumzike. Dawa ni baridi." Mama aliona haya, akapeleka. Nilimwona yule bwana akizibana letasi kwenye kisanduku cha barafu, akazirundikia ndizi zake mbivu, kisha akazungusha kitufe cha baridi hadi mwisho. Jumamosi majani ya nje yalikuwa majimaji kama yaliyochemshwa, ya ndani yamejaa madoa ya kahawia. Mpishi alimfukuza mama, akamwambia asirudi tena.

"Ni huyu msichana wako," Anko alisema. "Kila saa anafungua friji, joto linaingia."

Sikuwa nimeigusa. Mama alinichapa palepale, mbele yake, na tangu siku hiyo akawa wa kufulia watu nguo.

Leo nasimamia chumba cha baridi cha mboga. Letasi hutaka baridi kali isiyogandisha, hewa yenye unyevu, na isikae na matunda yanayoiva, maana hewa yatoayo ndiyo huitia madoa. Majuzi Anko, mzee sasa, alikuja kunitembelea. Nikamweleza hayo yote, polepole, nikimtazama usoni.

"Kwamba ni barafu iliyoziharibu, nilijua siku ileile," alisema. "Lakini friji ilikuwa mpya, mwanangu. Ningewaambia nini watu?"

Sikumpa hata chai. Mama alikufa akiamini kwamba ni mimi niliyemharibia kazi.