Tone la Mawese kwenye Mlango wa Panya

Mwanangu, ile siku ya panya mpaka leo inanirukisha moyo! Ilikuwa hapa Rumonge, miaka ya mwanzo ya uhuru, nami msichana wa madarasa machache tu, nikifanya kazi kwa daktari mmoja aliyefuga panya.

Aliwatia ugonjwa unaokula ngozi inayofunika mishipa ya fahamu, kisha akawaweka ndani ya sanduku lenye vijia vingi, aone kama wanakumbuka mlango wa chakula. Mimi niliwalisha na kuandika. Na kazi ile niliipenda kwa sababu yangu: dada yangu Zaina alikuwa na ugonjwa kama huo. Miguu ilimlegea, ikapata nguvu tena, lakini alianza kusahau. Leo chumvi, kesho mawese yanaungua motoni. Shemeji alisema ni uvivu, atamrudisha kwa baba yetu kule Kigwena. Basi kila asubuhi nilipita kwa dada kwa siri, nikamfanyia kazi zake.

Sasa, kulikuwa na panya mmoja mgonjwa, anazunguka tu, maskini. Huruma ikanishika. Nikapaka tone la mawese kwenye mlango wa chakula. Akaenda moja kwa moja! Nikaandika: anakumbuka.

Mzee Ramadhani, mtunzaji wa panya, akainama, akanusa.

"Wewe binti, huyu amekumbuka ao amenusa?"

"Nilimuonea huruma, mzee."

"Huruma gani? Umemuficha daktari ugonjwa. Atatafuta dawa ya nini sasa?"

Wee! Moyoni nikamwona dada Zaina, maana naye nilikuwa namficha vilevile. Nikamwambia daktari kweli yote. Tukaosha sanduku, tukarudia. Yule panya na wagonjwa wenzake walitembea vizuri, miguu mizima kabisa, lakini kila kijia kilikuwa kipya kwao. Daktari akapiga makofi: "Umeona? Ugonjwa unagusa hata kumbukumbu!"

Nikakimbia mpaka kwa dada, kitambaa cha kichwa kikanidondoka njiani.

"Shemeji, kazi za humu nilikuwa nafanya mimi. Dada si mvivu, anaumwa."

Shemeji akaangalia sufuria ya mawese motoni, akamwangalia mke wake. "Mbona hukuniambia?"

Dada akacheka huku analia. "Nilisahau."

Shemeji naye akacheka, akavuta kigoda, akakaa yeye mwenyewe kuchunga mawese.

Mwanangu, mtu unayempenda usimfunikie shida yake. Itaje wazi, kisha msaidie. Mungu akupe kinywa cha kusema kweli, na nyumba ambamo mgonjwa haoni haya.